Washa za Landrova ya Luhende

Cletus fundi hana haraka, na hilo ndilo linaloudhi watu. Mimi naudhika kuliko wote, maana chai anaiagiza ya moto, anaiweka juu ya tairi bovu, anaingiza kichwa kwenye boneti na kuisahau mpaka inaota utando. Nimeuza chai na chapati pale gerejini kwake Kawajense miaka mingi sasa, na kikombe kilichorudi kitupu sijakiona. Ukimsema anajibu, "Mama Nasma, chai haikimbii." Haikimbii, sawa, lakini sukari naifuata dukani kwa miguu yangu.

Mwenyewe ni Mfipa wa upande wa Sumbawanga, mrefu, mabega yameshaanza kuinama kwa kuchungulia injini. Alikuja Mpanda kijana, akajifunza ufundi kwenye gereji ya wamisionari, na ile gereji ilipofungwa akabaki na mikono yake na sanduku la spana. Magari ya siku hizi hayagusi. Ukimletea gari la kompyuta anakuonyesha kwa kidole wale vijana wa barabarani. Yeye anataka injini za zamani, zile unazofungua ukaona kila kitu kwa macho yako. Mkewe, Pudensiana, husema huyu angeoa injini kama padre angekubali kufungisha.

Mteja wake mkubwa wa injini za zamani ni Luhende, Msukuma wa kule milimani Mwese. Luhende alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini watoto wake wakiwa wadogo, akapata malisho, akakaa. Landrova yake aliinunua kwa mzungu mmoja wa mambo ya misitu aliyekuwa anarudi kwao. Ni ile ndefu ya zamani, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya ng'ombe, na kila ikipita watoto wanaikimbilia.

Siku ya kwanza niliyowasikia hawa wawili wakiongea nilidhani watapigana. Luhende anashuka kwenye gari anauliza, "Wee Mfipa, ile radi uliyoituma juzi imepotea njia, imepiga choo changu, utanijengea lini?" Na Cletus bila kutoa kichwa kwenye injini anamjibu, "Msukuma, ng'ombe wako wote umewapa majina, la mkwe wako hulijui." Basi inaendelea hivyo mpaka gari linaondoka. Ndio utani wao, Mfipa na Msukuma: huyu anasingiziwa kutuma radi, yule kupenda ng'ombe kuliko watu. Mtani hakasiriki. Mtani anaweza kukamata kuku wako bandani mbele ya macho yako, na wewe unachotakiwa ni kumkomboa kwa kitu kingine huku unacheka. Ila kuna ubaya mmoja ambao mimi niliuona mapema, nikajinyamazia kwa kuwa si kabila langu: miaka yote ile sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake neno moja la kweli.

Sasa mkewe Luhende, Nyanzala. Huyu mama alianguka kisimani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, basi. Usafiri wa Mwese ni pikipiki, na pikipiki yeye haipandi, hawezi kupanua miguu. Luhende akamfungia kiti cha mbao nyuma ya Landrova, chenye mito na mkanda. Landrova ikiwa nzima, Nyanzala anakwenda sokoni, anakwenda kanisani, anakwenda msibani. Landrova ikilala, Nyanzala anaangalia ukuta.

Mwaka jana, joto la mwezi wa kumi, ikaja habari kwamba binti yao Ngolo amejifungua. Ngolo ameolewa Kapalamsenga, kule ziwani, na mimba zilikuwa zinamtoka moja baada ya nyingine mpaka watu wakaanza kusema maneno. Safari hii mtoto akatoka hai, wa kiume, analia vizuri. Nyanzala aliposikia alisema, "Nipelekeni nikamshike." Na ilikuwa lazima iwe haraka, kwa sababu mvua zikishaanza, barabara ya ziwani inafunga, na ikifunga imefunga mpaka masika yapite.

Luhende akaanza kuliandaa gari. Na gari nalo, kwa kiherehere chake, likaunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku chini yake, kwenye kilima cha Mwese. Likaletwa Mpanda likivutwa na lori la mbao, Luhende amekaa kwenye usukani kanuna.

Hedi ilipotoka, Cletus alizipanga bolti zote juu ya gunia, kila moja kama ilivyokaa kwenye injini, ndefu mahali pa ndefu na fupi mahali pa fupi. Akaziosha kwa mafuta ya taa. Halafu akaanza ule mchezo wake: anachukua bolti moja, anaisimamisha kando ya nyingine, anazungusha, anapitisha ukucha shingoni. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Kiuno," akasema.

Bolti ya hedi ikikazwa miaka na miaka inavutika, inakuwa nyembamba katikati. Kwa macho huoni, kwa ukucha unasikia. Ukishaikuta na kiuno usiirudishe, maana ukiikaza tena ama inakatika ama inakudanganya, unadhani imeshika kumbe inaendelea kurefuka. Za Luhende nyingi zilikuwa na kiuno. Cletus akazitupa zote kwenye ndoo ya chuma chakavu, pamoja na washa zake kuukuu, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti, zingine zina ufa, zingine zimepotea kabisa. Luhende, aliyekuwa amekaa kwenye benchi langu, akasema kwa sauti kwamba Wafipa hata kiuno cha bolti kinawatisha.

Kesho yake nikaongozana na Cletus dukani kwa Halfani, yeye anafuata bolti na mimi nafuata wavu wa jiko. Halfani ana kila kitu cha chuma, na hapendi kuchaguliwachaguliwa. Akamwaga kwenye kaunta bolti mpya zinazong'aa. Cletus akatoa mfukoni nati moja ya zamani, saizi ileile ya bolti za injini, akaanza kuijaribu. Bolti ya kwanza ikaingia kwa vidole, laini, mpaka mwisho.

"Si ndiyo hiyo!" Halfani akasema. "Imeingia tamu."

"Inacheza," Cletus akasema, akaitikisa karibu na sikio. "Hii ya milimita. Injini yangu ya inchi. Meno yanakaribiana ila mwili mwembamba. Nitaifunga, gari litawaka, siku likipata moto inang'oa meno ya bloku yote. Na bloku ile siipati tena, hata nikienda mpaka Dar."

Halfani akavuta pumzi, akaingia stoo, akatoka na boksi lenye vumbi, bolti za inchi zilizobaki kwenye mashine za mgodini. Hapo Cletus akavuta kigoda. Anaangalia kichwa kwanza, kwa maana bolti ngumu huwa na mistari kichwani, na isiyo na alama ni ya kufungia kitanda. Halafu urefu, kwa sababu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inagota chini kabla hedi haijabanwa. Halafu meno, moja moja, kwa jicho na kwa nati. Mimi nilipata wavu wangu, nikaondoka. Halfani alifunga mlango nusu akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akamkuta yuko palepale, boksi liko nusu.

"Na washa?" Halfani akamuuliza mwishoni.

"Tia hizo." Cletus akachota kiganja kimoja kwenye kopo lililokuwa kaunteni, nyeupe nyeupe, akatia mfukoni. Hakuzitazama. Hili alinisimulia Halfani mwenyewe baadaye, huku anashika kichwa. Mtu aliyeshinda na bolti mchana kutwa, washa akazichota kama karanga.

Luhende ndiye aliyeona. Asubuhi ya kufunga hedi alikuwa pale, hana kazi, akainama kwenye ndoo akatoa washa moja ya zamani. Akaidondosha juu ya jiwe ninaloegemezea jiko langu. Ikalia, tiii. Akachukua moja ya zile nyeupe, akaidondosha. Ikafanya ta, ikanyamaza. Akarudia. Mtu aliyechunga maisha yake yote anajua sauti ya chuma, kengele ya ng'ombe mbovu haisikiki vichakani.

"Mfipa," akasema, "hizi washa zako ni laini. Zitabonyea."

Na jamani, hakuwa anacheka. Mimi nilikuwa nakaanga chapati, nikageuka kumtazama, uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Lakini gereji nzima ilishaangua kicheko. Cletus naye, mikono imejaa oili, akasema, "Sikieni, Msukuma anapima injini kwa kengele ya ng'ombe! Leta na maziwa basi tuijazie kwenye rejeta!" Watu wakashika mbavu. Luhende naye akacheka, angefanyaje? Akairusha ile washa kwenye gunia, mambo yakaishia hapo.

Hedi ikafungwa. Kukaza nako ni ibada: anaanza katikati anakwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa ile spana yake yenye kipimo, anarudia, anarudia tena. Injini ikawaka. Cletus akaiendesha Landrova mpaka kiwanjani na kurudi, ikapoa, akazikaza upya, maana hedi ikishapata moto bolti lazima zikubali kidogo. Kila fundi anajua hilo. Akamwambia Luhende aende Mwese akamchukue mama, na akishuka apitie tena gerejini zikazwe mara ya mwisho, halafu waende ziwani.

Walishuka siku ya wingu zito. Nyanzala yuko juu kwenye kiti chake, kavaa kitenge kipya na kilemba, pembeni ana furushi la nguo za mtoto na kuku wa kumpelekea mzazi. Nikampandishia chai. Akaniuliza kama mtoto mchanga ana harufu ileile ya zamani, maana yeye ameisahau. Nikamwambia ni ileile. Hakushuka garini, kumshusha na kumpandisha ni kazi ya wanaume na maumivu, akasubiri hukohuko juu.

Cletus akafungua kifuniko, akatia spana kwenye bolti ya kwanza. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Nilikuwa karibu namwekea chai, nikaona uso wake unabadilika. Bolti zilizokwisha kukazwa hazitakiwi kuzunguka vile, na zile zilikuwa zinazunguka zote. Akamaliza, akarudia, zikakubali tena. Akafunga kifuniko polepole. Akaja akakaa juu ya tairi lake, akaitazama chai.

Nadhani alikuwa anawaza aseme nini. Na haraka zake unazijua. Alipoinuka, Luhende alishaingia kwenye usukani.

"Msukuma, shuka. Leo huendi."

"Nimekuroga nini tena?"

"Washa ni laini. Zinabonyea. Nakaza, bolti inashika, injini ikipata moto washa inaliwa, bolti inalegea. Hutafika Kapalamsenga. Utaunguza gasketi porini, na hedi itapinda."

Luhende alicheka mpaka akalalia usukani. "Hayo si maneno yangu hayo? Unanirudishia maneno yangu! Siku ile ulinicheka, leo unanitania kwa mdomo wangu mwenyewe. Mfipa, wewe mwizi, hata maneno unaiba!"

Watu wakacheka. Nyanzala kule juu akacheka. Cletus akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akaushika nyuma ya mgongo. Hapo ndio akaharibu zaidi, maana kumnyang'anya mtani kitu ndio utani wenyewe. Luhende akageuka nyuma, akamwomba mkewe yule kuku, akampa Cletus kwa dirisha, mabawa yanapiga. "Haya, nakomboa! Kuku wa mzazi umemla, Mfipa, na aibu huna!"

"Amekomboa!" vijana wakapiga kelele. "Fundi, rudisha! Amekomboa!" Mmoja akamzungukia Cletus kwa nyuma, akaupokonya ufunguo, akampa Luhende. Injini ikawaka. Mimi nilikuwa nimeuona ule uso kwenye spana. Nikataka kupiga kelele. Nani angenisikiliza, muuza chapati?

Cletus akamweka kuku chini. Akaenda mpaka mbele ya dirisha la dereva, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee Luhende."

Wallahi vijana waligeuka kutazamana. Mtani hamwamkii mtani wake hivyo. Sijawahi kuisikia hiyo kabla. Luhende alimtazama, ule mdomo bado umefunguka kwa kucheka, halafu ukafunga. Akazima injini.

"Marahaba," akasema.

"Nimekosea mimi. Bolti nilichagua, washa sikuchagua. Nakuomba usiende."

Nyanzala akauliza kutoka juu mbona injini imezimwa. Luhende akashuka, akazunguka nyuma, akamweleza kwa Kisukuma, maneno machache. Mama alilivuta lile furushi kifuani. Halafu akamwita Cletus. "Ni kweli, baba?" Cletus akasema ni kweli, mama. "Basi nishusheni," akasema. Wakamshusha. Alilia njia nzima mpaka ndani kwa Pudensiana, na sijui kama ilikuwa nyonga tu.

Mvua haikungoja hata wiki iishe. Cletus alikataa washa zote za Mpanda. Alizidondosha juu ya jiwe langu moja moja, mpaka Halfani akamfungia mlango. Zilizofaa, nene na ngumu, zilitoka kwenye injini kuukuu huko Tabora, zikaletwa na kondakta wa basi zimefungwa kwenye soksi. Akafungua hedi upya, akaweka gasketi mpya, akazifunga. Safari hii alipozikaza mara ya pili zilisogea unywele mmoja, mara ya tatu hazikusogea kabisa. Injini nzima, barabara imefunga. Nyanzala akakaa Kawajense kwa Pudensiana masika yote, wakimenya karanga pamoja, na Luhende akawa anakuja kumwona kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni.

Kila akifika anasema, "Habari za kazi, fundi." Na Cletus anajibu, "Nzuri, mzee, shikamoo." Mimi nilikuwa naona kinyaa. Watu wazima wawili wanazungumza kama wamekutana benki. Cletus alijaribu utani siku moja, akamwambia Msukuma naye kumbe anaogopa matope, na Luhende akajibu kwa adabu kwamba ni kweli, yamezidi mwaka huu. Cletus akaingia chini ya lori, hakutoka mpaka tulipofunga.

Barabara ilipokauka wakaondoka. Hakuna aliyecheka, hakuna kuku. Siku ile na kesho yake Cletus hakufanya kazi ya maana, anashika spana anaiweka. Simu ilipolia mikono yake ilikuwa na grisi, nikaibonyeza mimi, nikaiweka sauti ya juu.

"Fundi," Luhende akasema. "Tumefika. Gari halijatoa hata tone."

"Mungu mkubwa. Mama hajambo?"

"Amemwona mjukuu. Anakaa mwenyewe, ana meno mawili. Bibi yake kanyoosha mikono, mtoto kapiga kelele, kajificha kwa mama yake. Tangu jana hataki kushikwa naye kabisa. Nyanzala analia tu. Anasema angefika akiwa mchanga angemshika, mchanga hakatai mtu."

Cletus alifumba macho. "Pole, mzee," akasema. "Ni mimi nili..."

"Kamlilia vibaya yule mtoto," Luhende akamkata. "Kamlilia utadhani ameona Mfipa."

Mimi niliisogeza ile simu karibu na mdomo wa Cletus. Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajipaka shavu zima.

"Wee Mfipa, uko hapo?"

"Nipo, Msukuma," akasema. "Nipo."